Simu Yako Bado Inauliza Njia

Zuhura mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Hujambo huko? Umelala vizuri? Najua swali lenyewe halina adabu, maana mimi ndiye niliyekuosha, nikakuvika sanda, nikawa wa mwisho kukufunika uso. Lakini barua sijui kuianza kwa namna nyingine. Mama alitufundisha mtu aulizwe hali kwanza, haja baadaye. Basi nakuuliza hali. Mimi mzima, magoti tu. Salma mwanao mzima, kakonda kidogo, chuo anaenda. Kila Alhamisi baada ya Alasiri tunakusomea Yasini chumbani kwako, na Mama Neema, mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mkristo wa watu, huja akakaa mlangoni na kanga yake kichwani, kimya, mpaka tumalize.

Haja yangu ni habari ya Denis.

Unakumbuka? Ulitoka kwenye meza yako ya ufundi simu, Mtaa wa Aggrey, na kile kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni. Ukakichomeka nyuma ya televisheni, ukasema, "Dada, kuanzia leo humu ndani tuna DNS yetu wenyewe." Mimi nikasikia Denis. Nikakuuliza, "Denis ndo nani tena? Umempa chumba gani?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku ile nyumba nzima ikawa Denis, Denis. Mtandao ukigoma, Denis kalala. Mama Neema akamwambia jirani dirishani, "Denis wetu hatoi siri za mtu," na jirani naye akaenda kutangaza mpaka mtaa wa Gerezani kwamba Mwanaidi na uzee wake kapata bwana.

Ulinieleza Kikariakoo ndipo nikaelewa. Ulisema simu haijui njia, inajua majina tu. Ukitaka kufungua kitu mtandaoni, lazima kwanza iulize: huyu mwenye jina hili anakaa wapi? Ni kama mgeni kashuka Msimbazi akamuuliza winga, yule anayevutia maduka wateja, duka la dawa fulani liko wapi. Winga atamshika mkono ampeleke. Ndani haingii naye, lakini mlango kaujua, na mtaa mzima umesikia dawa iliyoulizwa. "Sasa Dada," ukasema, "siku zote tunamuuliza winga wa hao wanaotuuzia mtandao, tena kwa sauti. Mimi nataka tumuulize wa kwetu, yuko hapa hapa ndani. Asichokijua, akaulize nje kwa bahasha iliyofungwa." Nikasema basi hiyo ni stara. Ukasema ndiyo, ila stara si kutoonekana kabisa, hata mvaa baibui mwendo wake unajulikana.

Stara naijua, Zuhura. Miaka yote hii naosha maiti za wanawake wa mtaa huu, na bibi aliyenifundisha aliniachia neno moja: ukiona zuri kwa maiti, liseme watu wafarijike, ukiona baya, lifukie nawe ufe nalo. Nimeona mengi. Hayajatoka. Sasa nimeona la kwako, na sijui ni zuri au baya.

Ilikuwa siku ya arobaini yako. Napanga sebule kwa ajili ya wageni, nikamwona Denis yuko uchi. Televisheni ina kitambaa, friji lina kitambaa, redio ya Mama ina kitambaa, yeye peke yake anakonyeza vitaa vyake mbele za watu. Nikamfunika kwa kile cha kufuma cha maua, nikakikunja mara mbili kikae vizuri. Nia yangu heshima, Mungu shahidi. Hitma ikasomwa, pilau ikaanza kutoka, mara Mama Neema akapiga ukelele uani: "Da Mwanaidi! Denis kafa!" Wageni wasiojua wakainama wote, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Bi mkubwa mmoja akauliza atazikwa saa ngapi.

Ningecheka. Lakini nilipokitoa kile kitambaa nikamshika, alikuwa anachoma. Joto lile lile la paji la uso wako wiki ya mwisho.

Nikamchomoa, nikampepea kwa kawa, nikamchomeka tena. Halafu nikaitafuta karatasi ya maelekezo uliyoniachia, nikafungua ukurasa wa Denis kwenye simu yangu nione kama kaamka. Kaamka. Pakatokea orodha ya wanaouliza. Simu ya Mama Neema. Simu ya Dada. Simu ya Zuhura.

Saa saba na dakika ishirini mchana, Simu ya Zuhura. Dakika moja mbele, tena. Watu wanakula pilau ya arobaini yako na wewe unauliza njia. Nilisoma Ayatul Kursiyyu mpaka mdomo ukakauka. Unauliza njia ya wapi, mdogo wangu? Umepotelea wapi?

Baadaye nilijua. Simu yako ipo kabatini chini ya kanga zako, na Salma huichaji kila siku. Aliniambia mwenyewe nilipomfuma nayo. "Mama mkubwa, nikimwandikia na simu imezimwa, inabaki tiki moja. Mimi siwezi kuiona ile tiki moja." Anakuandikia. Kila siku anakuandikia, ili tu zije tiki mbili. Akanieleza pia kwamba simu huuliza majina yenyewe, hata isiposhikwa na mtu. Nimeelewa. Lakini kuelewa hakujaniponya. Nikipita mbele ya kabati lako nasalimu, halafu nasimama kidogo.

Hilo la simu kuuliza ni dogo. Kubwa ni kwamba siku ile, na woga wangu, nililibonyeza jina lako.

Ulisahau kulifunga daftari la Denis, lile analoandika kila jina aliloulizwa. Uliniambia, "Nimeliacha wazi kwanza nione kama anafanya kazi, nitalifunga." Hukulifunga. Umewaziba wa nje wote wasituone, humu ndani umeacha kila kitu kimeandikwa. Nikaona majina uliyouliza kwa miezi. La hospitali. La ugonjwa wenyewe, mara nyingi. Na la wale wanaohudumia wagonjwa wasiopona, uliwauliza siku nne mfululizo, asubuhi, saa zile ukituambia umejilaza kwa uchovu wa kazi. Na ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Kabla ya Ramadhani, Zuhura! Ile futari ya kwanza uliyotupikia tambi, ukaimba jikoni, ulikuwa unajua?

Sikuendelea. Mwenyezi Mungu katukataza kuchunguzana, nami tayari nilikuwa nimechungulia. Nikaifuata karatasi yako mstari kwa mstari, nikafuta yote, nikalifunga daftari. Denis anafanya kazi yake, hakuna anachoandika tena. Nilitawadha, nikaswali rakaa mbili, nikadhani nimelifukia.

Kumbe Salma. Mwanao ana donda, na halikuanza juzi. Ile siku baada ya Idi ulipomwambia, "Nisindikize hospitali," akakujibu, "Mama, kesho nina mtihani, si twende wiki ijayo?" ukaingoja wiki ipite, mwishowe ukaenda peke yako. Anaamini wiki ile ndiyo iliyokuua. Anaamini angekwenda na wewe angewasukuma madaktari, ungewahiwa. Juzi alinisaidia kuchambua mchele, akaacha mikono hewani, akasema, "Mimi ndiye niliyemchelewesha, Mama mkubwa." Nikamwambia ni kadari ya Mungu. Akasema, "Najua. Lakini mimi ndiye."

Na mimi nimekaa naye kwenye mkeka mmoja na jibu liko mdomoni. Nimwambie, "Mama yako alijua kitambo, kabla hajakuomba umsindikize, hukumchelewesha kitu." Neno hilo tu lingemvua mzigo. Lakini nikimwambia, nimeifungua stara yako. Hukutaka ajue. Ulimficha mpaka siku ulipoanguka, na ulikuwa na sababu zako. Tena ninachojua mimi ni milango tu. Denis hakuandika kilichosemwa ndani, aliandika mlango uliopigiwa hodi. Pengine ulikuwa unamuulizia mtu mwingine. Pengine ulikuwa unaogopa tu, hujaambiwa lolote. Unaona ninavyohangaika? Wewe peke yako ndiye ungeniambia, na wewe ndiye usiyesema.

Nimelifikiria neno la bibi. Zuri liseme, baya lifukie. Mama anabeba kifo chake miezi mitatu akipika, akicheka, akitengeneza simu za watu, ili mtoto amalize mitihani yake. Mimi naliita zuri. Nililoliogopa ni la kwangu, la kukiri kwamba nilichungulia. Nikilitazama vizuri, ndilo hilo tu lililonifunga mdomo.

Basi nimeamua. Ijumaa hii baada ya Alasiri nitamketisha Salma chumbani kwako, nimwambie niliyoyaona, na kwamba niliona milango tu. Hilo moja. Majina mengine uliyoyauliza, yale ya kukuchekesha na yale ya kukutia haya, nakuahidi nitaingia nayo kaburini, na atakayeniosha hatayakuta mwilini kwangu. Na nakuahidi simu yako sitaizima. Siku Salma atakapokuwa tayari, ataizima yeye.

Mungu akupe nuru huko uliko, akusamehe, atusamehe na sisi. Kwaheri, mdogo wangu.

Ila kama hutaki, nizuie. Leo Jumatatu. Njoo kwa ndoto, kwa ishara, kwa lolote nitakalolijua kuwa ni wewe. Nijibu upesi, Zuhura, kabla ya Ijumaa.

Dada yako,
Mwanaidi