Waya wa Shemeji Yako

Shoga, uko wapi? Nimejifungia choo cha kazini, nacheka hadi machozi.

Shemeji yako leo kaumbuka!

Saa nne mtandao wa ofisi nzima ukafa. Taa za ile swichi inayounganisha kompyuta zetu zote zinapepesa kama imepandisha mashetani. Fundi mtandao wetu, yaani huyo huyo mume wangu, akaja juu: "Kuna mtu kachomeka waya mmoja ncha zote mbili ukutani! Data inazunguka humo humo, inazaliana tu!"

Bosi mama akauliza taratibu: "Si ulisema swichi ina kinga? Ikikuta njia inayojirudia, inaifunga yenyewe?"



Jumatatu si aliizima mwenyewe! Eti inachelewesha kompyuta nusu dakika kuingia mtandaoni. Na akasema, "Nani mjinga atachomeka ncha zote mbili?" Alisema hivyo, shoga. MBELE YETU SOTE.

Basi akapiga magoti chini ya meza ya mikutano, akauvuta waya. Ncha zote mbili ziko ukutani. Una kibandiko chenye tarehe ya leo.

MWANDIKO WAKE!

Unamjua alivyo, hawezi kuona waya unaning'inia. Asubuhi alikuta ncha iko sakafuni, akaichomeka tundu la jirani ili pawe nadhifu.

Akauchomoa, akaiwasha kinga, mtandao ukarudi. Akainuka na vumbi magotini, hamtazami mtu.

Bosi mama akamgusa bega: "Fundi, lile swali lako la Jumatatu limepata jibu."