Sweta ya Pamba

Shangazi mpendwa,

Katika ukoo wetu hajazaliwa anayejua mbwa kunishinda. Daktari wa mifugo mwenyewe nusura aniachie kiti. Tangu usafiri, Pamba wako namchana manyoya kila asubuhi na kumpangusa macho. Ni mdogo kama mto wa kochi, lakini anabwekea malori. Hivi hajui udogo wake, au anajua na hajali? Nikimuuliza ananipigia chafya.

Sasa usinifokee. Sweta yako kuukuu anayoilalia niliifua kwa sabuni ya kunukia. Akainusa, akaiacha, akaenda kulala mlangoni. Tangu juzi hagusi chakula. Tafadhali tuma nguo uliyoivaa, na usiifue. Harufu yako ilikuwa imebaki pale tu, nami nimeimwaga na maji.

Mwanao,
Mtundu