Mlango Ufungukie Nje

Jumamosi. Tangu alfajiri mawingu yamefunga juu ya Pongwe na mvua yenyewe haishuki. Nguo zimekataa kukauka, na mimi nimeamka na moyo mzito bila sababu ya kumwambia mtu.

Hata ningekuwa nayo, ningemwambia nani?

Leo nimekwenda mjini kuchagua kioo cha bafuni. Nataka ile sehemu ya kuogea izungushiwe kioo, niachane na pazia la plastiki. Rukia, binti yangu aliyeolewa Wete, nimemwambia ni kwa ajili ya urembo. Amefurahi, akanitumia picha za mabafu ya watu, yote yanameta utadhani hakuna anayeoga humo. Kisha akasema hawezi kuja mpaka karafuu zimalizike, maana kwa wakwe hakuna mtu wa kuanika. Nikamjibu wala usijali, mwanangu.

Sikumwambia kwamba nilianguka.

Ilikuwa asubuhi ya kazi, juma lililopita. Pazia lile likilowa linakung'ang'ania mguuni kama mtoto anayetaka kubebwa. Nilikuwa nalibandua, sabuni imeniingia machoni, mguu ukateleza. Nikalishika ili liniokoe, nalo likaja lote na bomba lake na ndoo na kisahani cha sabuni. Kishindo chake kilinitisha kuliko maumivu. Nikabaki chini, nimefunikwa plastiki, maji yananimwagikia.

Kilichonijia kwanza hakikuwa bega wala kiuno. Ilikuwa aibu. Nikasema, jamani, wasinikute hivi, nikajivutia pazia nijisitiri. Halafu nikasikiliza. Hakuna aliyekuwa anakuja.

Nikacheka peke yangu pale chini, na kicheko kikageuka kilio. Nilipofika kazini (mimi ni karani wa shule) wakaniuliza bega lina nini. Nikasema nimegonga kabati.

Nimekulia Ngamiani, nyumba iliyojaa watu, bafu moja uani tena halina komeo. Ukiwa ndani ukasikia kandambili zinakuja, unakohoa, mwenzio anajua kuna mtu. Asubuhi zetu zilikuwa kukohoa na kugombana: toka wewe, unaoga au unajipiga rangi! Nilikuwa naapa kwamba nikikua nitakuwa na bafu langu mwenyewe. Sasa ninalo. Na nikiwa humo, upepo ukisukuma mlango, bado nakohoa.

Dukani nimepokewa na binti mchangamfu wa ushungi wa kijani. Akaniamkia, akaniuliza, "Nyumbani mko wangapi, mama?"

"Wanne," nikasema.

Jibu hilo linanitoka lenyewe. Tangu baba Rukia afariki nimejizoeza kusema tupo. Ilianza kwa sababu ya wezi. Niliziacha ndala zake kubwa barazani, na muuza maji akiuliza, namwambia vijana wamelala ndani. Jirani akiuliza kama wageni wameondoka, nasema bado wapo. Wezi hawajaja hata siku moja. Ila nimebaki na familia nzima ya watu wasiokuwepo, na sijui niwafukuzeje.

Basi yule binti akanishauri kwa nia njema kabisa. "Kama mnachangia bafu chukua cha ukungu, mama. Stara. Mwenzio akiingia kuchukua mswaki anaona kivuli tu." Cha wazi, akasema, kizuri, lakini maji yetu ya chumvi yatakiachia madoa meupe na itabidi mtu akifute kila siku. Vyote viwili ni vile vigumu, kikivunjika kinamwagika punje punje, hakikati. Nikapitisha mkono nyuma ya kile cha ukungu. Vidole vikapotea, likabaki doa.

Nikasema nichukue hicho. Watu wanne wangesema nini kingine?

Mchana fundi wa lile duka, Bakari, akaja kupima. Ni mtu wa Tongoni, mpole, anaimba chini chini akifanya kazi. Alikuwa anaandika vipimo ukutani kwa penseli, akasema bila hata kugeuka, "Mlango tutaufanya ufungukie nje, mama. Ukifungukia ndani, mtu akaanguka akauegemea, wa nje hawezi kuusukuma. Ukifungukia nje, anavuta tu."

Wa nje.

"Wa nje nani?" nikamwuliza kama mpumbavu.

Akageuka. "Yeyote. Si nimeambiwa mko wanne?"

Nikasema ndiyo, tuko wanne. Nikaangalia pembeni. Akaniambia kioo hakijakatwa bado, nikitaka kubadili chochote nimpigie kabla ya Jumatatu.

Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nikaanza kumfikiria huyo wa nje wangu. Inabidi aruke geti. Inabidi avunje mlango wa mbele, ambao naufunga kwa ufunguo na kwa komeo pia. Akifika bafuni aone kitu cheupe kimelala nyuma ya ukungu, asijue ni mtu au ni taulo. Na kabla ya yote hayo inabidi awepo.

Naogopa. Wacha niandike hivyo hivyo. Kufa siogopi sana. Naogopa kukaa pale chini siku nzima nikikohoa.

Karibu na magharibi nikachukua ufunguo wa akiba, nikazunguka ua wa michongoma mpaka kwa Mama Neema. Ni mtu wa Lushoto, Mlutheri, mjane kama mimi, amenipita umri. Miaka yote tunasalimiana juu ya ua, yeye kwake mimi kwangu, wala sijawahi kukaa kwenye kiti chake. Nimemkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo."

"Marahaba. Heee, leo umevuka! Kuna nini?"

Maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniruka. Nikamnyooshea ufunguo. "Nishikie huu."

"Unasafiri?"

"Sisafiri."

"Sasa watu wako?"

"Hakuna watu, Mama Neema. Nipo peke yangu. Siku zote nipo peke yangu."

Akauweka ungo chini polepole. Akaniangalia mpaka nikataka kurudi kwangu. Kisha akasema, "Juma lililopita, asubuhi, nilisikia kishindo kwako. Kikubwa. Nikainuka, nikafika mpaka pale kwenye ua. Nikajisemea, aah, si wapo wenyewe. Nikarudi kukaa."

Si wapo wenyewe.

Kwa hiyo wakati mimi nimelala chini nasikiliza, kulikuwa na mtu amesimama penye ua naye anasikiliza. Kilichomrudisha ni vijana wangu wa uongo. Sikuwa na wa kumlaumu. Nikalia mbele ya mtu, kitu ambacho sijakifanya tangu siku ya maziko.

Mama Neema hakuniambia nyamaza wala pole. Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Komeo usiweke tena," akasema. Halafu, "Unaoga saa ngapi?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia: "Unaoga saa ngapi, nijue."

Nikamwambia. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni nikishaswali magharibi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekariri, akauchukua ungo wake, na mimi nikakaa kumsaidia maharage mpaka adhana ya magharibi.

Niliporudi nikampigia fundi Bakari, nikamwambia aweke kioo cha wazi. Akanikumbusha madoa. Nikamwambia nitafuta mwenyewe, nyumbani niko mmoja. Rukia naye nitamweleza, na akiniuliza kuhusu stara nitamjibu kwamba nikianguka nataka nionekane. Aibu nitaiona baadaye, nikiwa mzima.

Kesho ni Jumapili. Mama Neema anakwenda ibada ya kwanza. Kaniambia nioge kabla hajatoka, au nimsubiri arudi.

Nitamsubiri.