Herufi tano mezani kwa wakwe

Shoga, nimesimama nje ya geti la wakwe watarajiwa.

Baba mkwe, mwalimu mstaafu, ana sheria yake: mgeni hapakuliwi mpaka ataje neno la Kiingereza la herufi tano. Mimi nikapewa sharti: liwe na B na D.

Kichwani hamna kitu.

Sahani zote zikajaa, yangu tupu. Mzee akamwambia mwanawe, "Umetuletea sura tu." Sura tu, shoga. Wifi akacheka mpaka akapaliwa.

Nikamtazama mchumba wangu aniokoe. Akajiongezea mchuzi.

Nikasingizia tumbo, nikatoka. Sasa hivi kaniandikia, nikadhani ananiomba radhi.

"Bread. Mkate ulikuwa mbele yako. Umeniaibisha."