Mume wa Mama Furaha na Bunduki

Kasulu

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku baridi kali na mvua haikatiki. Nimekula ugali wa muhogo na migebuka, nikakukumbuka.

Wiki iliyopita kambini, Mama Furaha, mkimbizi wa Kongo, alihojiwa ili ahamishiwe nchi nyingine. Siku hizi mashine ndiyo inayotafsiri. Mimi nakaa pembeni kuisaidia ikikwama. Akasema, "Bwana yangu balimubeba na bunduki." Mashine ikaandika kwamba mumewe alibeba bunduki.

Afisa akashtuka. "Kumbe mumeo mpiganaji?"

"Hapana bosi," nikaruka. "Anasema walimchukua kwa bunduki!"

Akanijibu kwa upole, "Nimekusikia, lakini maelezo yameshafika makao makuu. Mimi sina ruhusa ya kuyafuta."

Nikauliza mwenye ruhusa ni nani. Hakujua.

Leo ombi limekataliwa. Nilipomweleza sababu, Mama Furaha alinitazama usoni. "Na weye ulikuwa pale. Hukubaambia?"

Nikamwambia nilisema. Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka mvuani.

Nibusie watoto, dada. Mungu awalinde nyote, na shemeji pia.

Mdogo wako,
Salma