Handaki Lililodhaniwa Kaburi

Jumamosi. Mvua imenyesha alfajiri, kisha likatoka jua kali. Nimeweza kukaa barazani hadi adhuhuri, na kifua hakikunibana sana.

Nikiri jambo. Kufa sikukuogopa kama nilivyouogopa ukuta.

Mwanangu Athumani alitaka kuzungushia shamba ukuta, mbuzi wa jirani wasiendelee kula miche ya minazi. Alikuwa na haki. Lakini ukuta ungepita mbele ya baraza hii, nami nisiyeweza tena kutembea ningemaliza siku zangu nikitazama mawe. Toka hapa naiona Takaungu ikiteremka mpaka maji yanapoingia kwenye mikoko.

Ndipo nikamkumbuka Mwingereza mmoja, mtengeneza bustani wa karne ya kumi na nane. Nilipokuwa masomoni kwao tulipelekwa kuona kazi yake. Nimeketi nyasini na mkate wangu, nikaona ng'ombe wanakuja moja kwa moja. Nikainuka kukimbia, wenzangu wakacheka. Kumbe kati yetu palikuwa na handaki refu, upande wetu umejengwa wima kwa mawe, upande wao ni mteremko, na ukikaa mbali hulioni. Jicho linapita, mnyama hapiti. Nikaambiwa hata ziwa lililokuwa mbele yetu lilichimbwa kwa mikono.

Nami nilikuwa nimeshamshukuru Mungu kwa ziwa.

Miaka yote niliyofundisha historia niliwasema Waingereza kwa ardhi yetu waliyoitwaa, na sijutii. Huyu mmoja nilimpenda kimyakimya.

Athumani akakubali tujaribu. Siku ya kwanza tu ya kuchimba, Bi Mwanakombo, mwenye mbuzi, akaingia analia, kanga kichwani.

"Athumani mwanangu, poleni! Mbona hamkunambia? Amefariki saa ngapi?"

"Nani, mama?"

"Babako! Na kaburi mbona refu hivyo?"

Nikamwita toka barazani. "Hilo ni la mbuzi wako, Mwanakombo. Njoo unywe chai."

Akanitazama, akajipangusa machozi. "Mwalimu, hata kufa wachelewa! Na wali wangu nimeuacha jikoni waungua."

Mpaka leo watu wanaliita kaburi la mbuzi.

Mafundi wamemaliza jana. Asubuhi hii mbuzi wakaja wakila, wakateremka handakini, wakapotea machoni. Nikanyoosha shingo. Kisha wakatokea tena, upande uleule wa kwao, wakaenda zao.

Hawakupita.

Na mimi silioni handaki. Shamba langu na la Mwanakombo yamekuwa kijani kimoja mpaka majini, kana kwamba hapajawahi kuwa na langu na lake. Nimekaa mdomo wazi kama mtoto. Bwana yule amekufa zamani, hakuijua Takaungu, na amenipa macho yangu ya mwisho.

Ikiwa binadamu kwa jembe tu anaweza kuuficha mpaka wa mashamba namna hii, ule ninaoukaribia mimi, aliouficha Mola mwenyewe, nitajua kweli nimeuvuka?