Nani Atasoma Kaye Yangu

Ngoie mjukuu wangu,

Jumatatu munganga wa hospitali amesema wazi kwamba mgongo wangu hautapona kabisa: vidonge vitapunguza makali, na mama wa saikolojia ataendelea kunifundisha kuishi na yatakayobaki. Bibi yako anakusalimia. Ndugu yako Ilunga amefaulu mwaka wa pili kule chuo kikuu cha Kasapa.

Umeniuliza kutoka Mitwaba kama uende kwa mtu wa saikolojia kwa ajili ya nyonga yako, ao wanataka tu kusema unajifanya. Mimi pia nilishuku.

Nilipokuwa kijana nilimsindikiza baba yangu, fundi wa reli, kwenye zahanati ya kazini. Muuguzi akamuuliza kwa upole, "Papa, ku nyumba kuko matata?" Baba akakiri amegombana na kaka yake, muuguzi akaandika. Kesho yake kapita, msimamizi wao, aliyesoma maandishi hayo, akamcheka mbele ya wenzake: "Mugongo inauma juu ya ndugu yako? Beba!" Akabeba. Tangu siku hiyo, kwetu muuguzi aliambiwa mahali panapouma tu.

Basi mama huyu wa saikolojia aliponiuliza habari za nyumbani, nikamuuliza kwanza: "Majibu yangu yatasomwa na nani?"

Akanisukumia kaye tupu, daftari la kuandikia. "Papa, andika weye mwenyewe. Kaye itabakia kwako."

Nimeandika wiki tatu, nikimeza vidonge kwa saa zake. Maumivu hupanda siku ninazonyamaza bila kuandika. Bado sijui kama hiyo inathibitisha kitu.

Uende, ila uulize swali hilo kabla ya kukaa. Mimi ninarudi kwa mama huyo Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nitamsomea ukurasa nilioandika juu ya baba yangu.

Kambo yako, babu